Fundi Anayeng'oa Sakafu Yake Mwenyewe

Saa mbili asubuhi, Zachariah Thuo anavua viatu mlangoni na kuingia na soksi ndani ya jengo lililokuwa ghala la nguo huko Ngara. Anapiga magoti, anashika tindo na nyundo, kisha anaanza kung'oa vigae vyeusi alivyovipanga mwenyewe miezi minne iliyopita.

Vigae hivyo ni mistari. Waumini husimama juu yake safu kwa safu wakati wa sala.

"Kila kigae nakikumbuka," anasema bila kuinua kichwa. "Hiki cha kona kilinisumbua nusu siku."

Thuo, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, ni fundi wa sakafu kutoka Kangemi, na ni Mkristo. Kabla ya Uhuru alijenga veranda za Wazungu huko Karen. Siku hizi, anaeleza, watu wamekuja Nairobi kutoka kila pembe, kila mmoja na dini yake, na hawangoji kujengewa. Wananunua gereji, duka, hata baa iliyofungwa, halafu wanamwita. Katika miaka minane ameweka sakafu za nyumba kumi na moja za ibada. Goti lake la kushoto halikunjuki tena sawasawa.

Ghala hili lilinunuliwa mwaka jana, 1973, na wafanyabiashara Waislamu wa kutoka pwani. Zamani waliteremka hadi katikati ya mji kusali, lakini wateja walipoongezeka ikawa vigumu kufunga duka kila adhuhuri. Mwenye ghala alipohamia ng'ambo, wakalichukua.

Tatizo ni kwamba jengo limefuata barabara, halikufuata kibla. Mistari ilibidi ikate chumba mshazari. Thuo na mwalimu wa madrasa, Shee Mabruki, walisimama katikati ya chumba, kando ya nguzo ya chuma inayobeba paa, wakasoma dira, wakavuta uzi. Kazi ikaisha, watu wakaanza kusali.

Mwezi uliopita Thuo alikuwa Kitisuru, akiweka sakafu ya ukumbi wa kanisa. Hapo alimwona mpima ardhi aitwaye Kiragu akiondoa rundo la nondo kabla ya kuitumia dira yake. Akamwuliza sababu. Kiragu akamweleza kwamba chuma huvuta sindano ya dira ikapotea.

"Nikaweka mwiko chini," anasema Thuo. "Nilikuwa nafikiria ile nguzo."

Aliazima dira ile, akaenda Ngara, akapima nje uani, mbali na chuma chochote. Kisha akavuta uzi mpya ndani. Ulianzia pale pale ulipoanzia mstari wake wa kwanza, lakini ulipofika ukuta wa pili ulikuwa umeachana nao kwa hatua nne.

Nje ya nyumba yake hakuna mwingine aliyejua. Mkewe, Nyokabi, alimkumbusha kwamba jina lake la kazi ndilo linalowalisha watoto wao watano, na kwamba habari ya namna hii ingefika kila mahali. Thuo anakiri kwamba alikaa siku tatu bila kwenda kuwaambia waumini.

"Nikipita hapo nawaona wamesujudu," anasema. "Mimi nageuza uso."

Siku ya nne, siku ya Ijumaa, alimwendea Mwalimu Shee akamweleza yote. Mwalimu, mzee mwembamba mzaliwa wa Lamu, anasema kwanza alihesabu miezi waliyosali hivyo.

"Fundi," alimwambia hatimaye, "tulitafuta kwa juhudi tukakosea. Sala zetu hazikupotea. Lakini sasa tumejua, na kuanzia leo hatuna udhuru."

Akamwomba asiondoke. Mchana ule, mbele ya watu karibu mia mbili, Mwalimu alieleza kilichotokea huku Thuo amesimama mlangoni. Twahir, muuza vitambaa aliyehangaika kuliko wote kulipata jengo hilo, aliinuka na kuuliza kwa hasira ni nani aliyemwachia mtu asiye Mwislamu kuwaonyesha kibla.

"Aliyeshika dira ni mimi," akajibu Mwalimu. "Fundi alivuta uzi pale nilipomwambia. Na aliyegundua kosa ni yeye, akaja mwenyewe."

Twahir akakaa. Kisha safu zote zikageuka.

"Waligeuka pamoja," anakumbuka Thuo. "Laini yangu ikawa inawapita katikati ya miguu. Sijawahi kuona kazi yangu imekosea vile mbele ya macho ya watu."

Kazi ya kurekebisha anaifanya bila malipo, na anakadiria itachukua siku tisa. Leo ni ya tano. Tangu jana Twahir anakuja asubuhi kabla ya kufungua duka, anasafisha saruji kwenye vigae vilivyotoka vizima ili vitumike tena.

Akimaliza hapa, Thuo ataanza kazi anayoitamani zaidi. Kanisa lake la Kangemi, ambalo kwa miaka sita limekuwa likisali darasani kwenye shule ya msingi, limepata kiwanja. Wazee wanataka mlango uelekee barabara kuu. Thuo anataka uelekee bondeni, ambako leo kuna mashamba ya mahindi tu, na anakusudia kuwashawishi Jumapili ijayo.

"Wananiuliza, nani atatoka huko?" anasema. "Mimi nawaambia, ngojeni miaka kumi. Watu watakuwa wengi huko, na watatoka mbali. Sitaki wafike wakute ukuta."