Nilichoma Uraia wa Baba, Kumbe Ndio Uliokuwa Wangu

Niseme wazi kabla sijapata ujanja wa kujitetea: mkosaji ni mimi. Sikulewa, sikudanganywa, sikutumwa na mtu. Nilimpiga mdogo wangu mpaka jicho lake likaharibika, nikaichoma karatasi ya marehemu baba mbele ya mama yetu, na yote hayo niliyafanya kwa ajili ya neno moja tu. Tajinisi!

Jina langu silitaji. Watu wa Buhare watanitambua, na wa Buhemba walishanitambua siku nyingi. Wewe usiyenijua, nisikilize tu.

Mimi si mtu wa kubahatisha maisha. Nina stashahada ya ufundi mitambo, niliyoisomea kwa mihogo ya kuchemsha na chumvi. Nimefanya kazi kwenye migodi ya shaba Zambia, ikafika mahali mabosi wakawa wananiuliza mimi mashine inaumwa nini. Niliporudi Musoma nilirudi na gari langu, sikushuka stendi na begi la kuazima kama wengine. Nyumba yangu ya Buhare ina vigae mpaka bafuni. Karasha langu, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, likiwashwa Buhemba linasikika mpaka kijiji cha pili. Hayo yote nimeyapata kwa mikono hii. Mikono hii hii!

Sasa sikia ilichofanya.

Baba yetu alikuwa seremala. Alizaliwa Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, akavuka kuja kutengeneza mabenchi ya misheni Nyegina. Alikuja na sisi wote. Mimi nilikuwa nashikilia sketi ya mama, na mdogo wangu Odera alikuwa mgongoni. Baba alipakubali mahali hapa, akakaa, na miaka ilipotosha akaomba uraia. Akapewa. Uraia wa namna hiyo, wa kuomba na kupewa, kwa lugha ya ofisini unaitwa uraia wa tajinisi. Na kwa kuwa sisi tulikuwa bado wadogo, alituombea pamoja naye. Majina yetu yakaandikwa kwenye hati ile ile, chini ya lake.

Baba alichinja beberu siku ile! Akachonga fremu ya mninga kwa mkono wake, akaitia hati ndani, akaifunika kwa kioo, akaitundika sebuleni juu ya kiti chake. Kila mgeni alipelekwa pale kabla hajapewa hata maji. "Soma hapo," alikuwa anasema. "Soma na majina ya vijana."

Majirani wakamwita Mzee Tajinisi. Yeye alicheka na kuitika. Mimi shuleni nikaitwa Tajinisi Mdogo, na sikucheka. Nilimng'oa mtoto mmoja jino kwa jiwe. Mwalimu alinichapa mpaka nikashindwa kukaa, na kesho yake nikamfuata yule mtoto nikamng'oa jingine.

Nilipomaliza chuo, nikitaka pasipoti ya kwenda Zambia, nilifanya upumbavu wangu wa kwanza. Hati ya baba ilikuwa ukutani, ingetosha kabisa. Lakini mimi, msomi, nikabebe neno lile mpaka ofisini? Nikala kiapo kwamba nimezaliwa Bunda. Kwa nini Bunda? Kwa sababu Bunda hatukuwa na hata mtu mmoja wa kunikanusha. Nikapata cheti, nikapata pasipoti, nikaondoka. Tangu hapo nikawa mtu wa Bunda. Huko ugenini niliwasimulia watu nyumba yetu ya Bunda, na wembamba wa uchochoro wake, na mbwa wake. Uongo ukiusema sana unaanza kuota manyoya!

Baba alifariki nikiwa nimesharudi. Siku ya kumaliza matanga, pale Nyegina, nilialika wenzangu wa Buhemba ili waone kwamba bosi wao ana kwao. Mkubwa wao alikuwa Masatu, mshirika wangu kwenye duara letu, yaani shimo tunalochimba. Tulikuwa tunajiandaa kuomba leseni ndogo ya uchimbaji, na leseni hiyo ni ya raia tu.

Masatu alikuwa amesimama sebuleni na sahani ya pilau, anasoma ukuta.

"Bosi," akaita, "hebu njoo. Huyu si wewe? Unasemaga umezaliwa Bunda, mbona hapa wameandika Kenya?"

Watu wakageuka. Nilihisi masikio yanawaka.

"Ta-ji-ni-si," akasoma taratibu, huku anatafuna. "Loo! Kumbe bosi wetu ana kibali, kama ng'ombe wa mnadani!"

Sebule nzima ilicheka. Haikuwa na ubaya, ni utani wa wachimbaji, ndivyo wanavyoongeaga. Odera naye, masikini, akadhani baba anasifiwa. Akasogea akaweka kidole kwenye kioo. "Mzee alikuwa anatusomeaga hii kila Krismasi. Na mimi nipo hapa chini, ona."

Niliing'oa ile fremu pamoja na msumari wake.

"Kaka, acha!" Odera akaishika upande wa pili. "Kaka, hiyo ni ya wote!"

Ya wote. Alisema hivyo. Laiti ningelisikia neno lile kwa masikio yanayosikia!

Nilivuta, naye akavuta. Nikaiinua na kumpiga nayo usoni. Pembe ya mninga iliingia jichoni, na kioo kikapasuka juu ya shavu lake. Damu iliruka mpaka kwenye sinia la pilau. Akaanguka, lakini hakuniachia, akanikumbatia mguu. Nikampiga teke la mbavu. Nikampiga jingine. Masatu alikuja kunishika kwa nyuma, nikamtia kiwiko mdomoni, sahani na pilau vikaenda chini. Wanawake walikuwa wanapiga mayowe. Mimi nilikuwa nasikia kicheko tu, wakati hakuna aliyekuwa anacheka tena.

Nikaichomoa hati kwenye vioo, nikatoka nayo uani. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga, akisimamia sufuria la mwisho. Nikaitupa motoni.

Mama yangu alipiga magoti. Alilisukuma sufuria kwa bega, akaingiza mkono kwenye makaa mpaka kwenye kiwiko, kama mtu anayetafuta kiazi alichochoma. Alipoutoa alikuwa amefumba ngumi. Ndani yake hamkuwa na kitu ila majivu meusi, na ngozi ilikuwa inaondoka nayo.

Na mimi, mwanaye wa kwanza, mwenye stashahada, unajua nilisema nini? Nilisimama pale nikawatangazia waombolezaji: "Sasa hakuna mgeni hapa!"

Mungu wangu.

Jicho la Odera lilitolewa hospitali. Mkono wa mama ulipona, lakini vidole vilijikunja vikashikana, mpaka leo havifunguki. Odera alitaka kwenda polisi, mama akamkataza. "Nimetoka kumzika mmoja," alimwambia. "Siwezi kumpeleka mwingine jela kwa mguu wangu." Niligharamia matibabu, nikajiona nimemaliza. Sikukanyaga Nyegina tena. Kiburi kilikuwa hakijashiba.

Wakati wa kuomba leseni ulipofika, Masatu alinifuata kwenye karasha. Mdomo wake ulikuwa na kovu langu. "Wanauliza uraia, bosi," akasema kwa sauti ya chini, na nadhani safari ile hakuwa anatania. "Tujaze nini? Bunda, au ile ya ukutani?"

Nilikuwa na spana kubwa mkononi. Nilimpiga nayo begani, nikausikia mfupa ukilia juu ya kelele za mashine. Wachimbaji wakanivamia kwa mawe, nikatoka Buhemba na gari lisilo na kioo hata kimoja.

Masatu alienda kuripoti uhamiaji habari ya Bunda na ile hati ya ukutani, mkono ukiwa kwenye bandeji. Hakuhitaji kuongeza chumvi. Ukweli wenyewe ulikuwa na chumvi ya kutosha.

Nikaitwa uhamiaji, Musoma. Afisa alikuwa mama mmoja mpole, asiyepandisha sauti.

"Bunda ulizaliwa sehemu gani?"

"Mjini."

"Zahanati, au nyumbani?"

"Nyumbani!"

"Nani anakumbuka? Na baba yako, alikuwa raia wa aina gani?"

"Wa kuzaliwa!" Nikagonga meza. "Unaniuliza mimi? Unajua mimi ni nani?"

"Hilo ndilo ninalouliza," akasema. "Kaniletee mtu wa Bunda anayekujua."

Nikaenda Bunda, mji nilioishi kwa mdomo tu. Nikazunguka kutafuta mzee mwenye njaa. Sokoni nikampata bibi mmoja muuza samaki, sato wa kukaanga, nikamnong'oneza shida yangu: aseme tu kwamba alimsaidia mama yangu kujifungua, nami sitamsahau.

Alinitazama kuanzia viatu. Kisha akaangua kicheko mpaka akashika meza. "Jamani njooni! Huyu baba mzima na kitambi chake anataka nimzae leo, na mgongo wangu huu!"

Ningecheka nikaondoka, yangeisha. Nikamtukana. Nikamsukuma, karai la mafuta likayumba. Vijana wa soko walikuja kama nyuki. "Tapeli wa vyeti! Tapeli!" Walinipiga kwa mbao za vizimba, walinipiga kwa mizani, mtu mmoja alinikanyaga sikio mpaka likachanika. Nililia, nikasema mimi ni wa hapa hapa, mimi ni mtoto wa Bunda! Wakazidi kunipiga. Hakuna aliyenijua.

Nilirudi kwa yule afisa nikiwa na nyuzi kichwani, nikamweleza yote. Kenya, Nyegina, baba, beberu, majina yetu chini ya lake.

Aliandika mpaka mwisho. "Ungesema hivi siku ya kwanza, tusingefika huku," akasema. "Mtoto aliyeombewa na mzazi wake na akaandikwa, ni raia. Hakuna aliye juu yake. Hati iko wapi?"

"Nimeichoma."

Akaweka kalamu chini. "Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, mama."

Pasipoti yangu ilibaki pale. Kwa kiapo cha uongo nikafunguliwa kesi, na bado naenda mahakamani. Kuhusu uraia nikaambiwa nilete ushahidi, la sivyo nitahesabiwa mgeni asiye na kibali. Mimi! Hata kile cha ng'ombe wa mnadani sina!

"Mdogo wako aliandikwa humo," yule mama alinikumbusha nikiwa mlangoni. "Yeye yuko wapi?"

Niliegesha gari mbali na boma letu la Nyegina, nikaingia kwa miguu. Odera alikuwa anapiga randa ubao kwenye karakana ya baba. Amerithi kazi, amerithi na kikohozi. Aligeuza kichwa chote kunitazama, kwa sababu upande wa kushoto haoni.

"Umepotea, kaka," alisema.

Nikapiga magoti kwenye maranda. Nikamwambia kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba nakala anayo. Binti yake alipotaka kitambulisho alisumbuliwa kwa ajili ya hati niliyoichoma, na yeye, na jicho lake moja, alifuatilia kumbukumbu makao makuu ya uhamiaji, akaandika barua, akasafiri, akakosa, akarudi tena, mpaka wakaitoa nakala na kuigonga muhuri.

"Simama," akasema.

Nikasimama. Akarusha ngumi kwa nguvu zake zote. Ilipita kando ya shavu langu ikagonga nguzo ya mlango. Vidole vyake vilipasuka. Jicho moja halipimi umbali.

Akarusha tena, ikapita tena. Nikamsogezea uso, nikamwambia, "Piga, Odera. Hapa nipo. Piga!" Akaushusha mkono uliokuwa unavuja damu, akakaa juu ya benchi, akalia kama mtoto.

"Hata kukupiga umeninyang'anya," akasema.

Ndugu msomaji, nimepigwa Buhemba kwa mawe na Bunda kwa mbao. Hakuna pigo lililoniingia kama hilo.

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba. Alikuwa ametuona, na alikuwa ameshaingia ndani na kutoka. Nakala ameikunja, ameichomeka katikati ya vile vidole vilivyojikunja. Akanyoosha mkono.

Nikaishika kwa ncha. Haikutoka.

"Vuta, Tajinisi wangu," akasema. "Vuta polepole, havifunguki."

Leseni imeshakwenda kwa Masatu na wenzake, na ni haki yao. Karasha limezimwa. Uraia wangu unashughulikiwa kwa karatasi iliyotoka kwenye mkono nilioulemaza mimi.

Kwa hiyo wewe ambaye mzazi wako alivuka mpaka, akaomba, akapewa, akakuandikisha na wewe: usijizalie mji ambao haukukuzaa! Ichukue hati yake, itolee nakala, iweke mahali pa usalama, na ukiulizwa ofisini sema ukweli wote. Wakikucheka, waache wacheke. Mimi siku hizi nikipita Nyegina watoto wananiita kwa jina la baba.

Naitika.