Mwanga wa Waziri

Waziri hakuwa waziri wa kitu chochote. Alikuwa farasi mzee wa rangi ya kahawia, mwenye baka jeupe usoni na tabia ya kumtazama kila mtu kama aliyechelewa kwenye mkutano wake. Jina hilo alipewa na Muoki, aliyekuwa saisi kwenye uwanja wa mbio za farasi kwa sehemu kubwa ya maisha yake, akiwaosha, akiwasugua na kuwatembeza farasi wa wenyewe. Waziri alipokoma kukimbia, mwenye farasi huyo aliuliza kama kuna mtu wa kumchukua. "Mimi," Muoki alijibu kabla ya kufikiri. Ndivyo farasi alivyohamia mtaa wa Mowlem, kwenye banda la mabati nyuma ya ploti ya vyumba vya kupanga alimoishi Muoki, na ndivyo mke wa Muoki alivyoanza mgomo wa kutomsemesha mumewe. Mgomo wenyewe haukudumu, maana mama huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpelekea Waziri maganda ya viazi.

Mtaa ulimpenda Waziri kwa sababu ya watoto. Kila Idd, Muoki alimfunga utepe wa kijani shingoni, na watoto waliovaa nguo mpya wakapanga foleni na kusukumana ili wapandishwe mgongoni. Mwenye ploti, Bwana Muriuki, hakupenda mavi ya farasi hata kidogo, lakini alivumilia. "Siku wapangaji watakapolalamika," alikuwa akisema, "huyo mheshimiwa wako anahama."

Basi Idd ikiwa inakaribia, Waziri alitumbukiza mguu kwenye mtaro usio na kifuniko walipokuwa wakirudi kutoka Kariobangi. Mguu ukavimba nyuma, juu kidogo ya kwato. Muoki alimpigia simu Daktari Ndete, daktari wa wanyama waliyejuana tangu enzi za uwanjani. Daktari alipapasa mguu taratibu, akasema hakuna kilichokatika. Hakuna kisu wala sindano. Farasi apumzike, abandikwe barafu, akandwe mgongo kwa vidole gumba maana alikuwa akichechemea na kujikaza, na jioni afungwe mguuni kitambaa chenye vitaa vyekundu ambacho daktari alimwazima.

"Hii ni tiba ya mwanga," alisema. "Inasaidia, Mzee Muoki, lakini haifanyi miujiza. Ukimtembeza mbali kabla sijakuruhusu, mguu huu hautarudi tena."

Muoki alilipenda sana neno hilo. Siku zote yeye husema taa, au mwangaza, lakini "mwanga" lilikuwa na harufu ya hospitali. Akaondoka nalo mpaka dukani kwa Batulo, mbele ya ploti hiyo hiyo, kununua barafu.

Batulo alikuwa Msomali aliyezaliwa na kukulia Mombasa. Aliuza unga, sabuni na barafu, na Kiswahili alikigawa bure. Hakuna aliyetoka dukani mwake bila kusahihishwa.

"Baba Koki, barafu yote hii waipeleka wapi? Umeanza kuuza samaki?"

"Ni ya Waziri, Mama Qorane. Mguu imefura."

"Umefura."

"Hiyo hiyo. Lakini atapona. Saa hii anatibiwa kwa mwanga."

Mkono wa Batulo uliganda ndani ya friza. Kwao Mombasa mwanga ni huu unaomulika, lakini mwanga pia ni mchawi, yule anayezunguka milango ya watu usiku bila nguo. Kwa mtu wa Pwani sarufi ingeamua: huu umewaka, yule amekuja. Muoki naye alikuwa ameachana na sarufi zamani, na kwake kila kitu duniani kilikuwa "hii".

"Mwanga?" Batulo alinong'ona. "Wa wapi?"

"Ya Ujerumani."

"Mpaka Ujerumani wako!"

"Daktari ndiye aliniletea. Ni nyekundu, tena ni kadogo, unaikunja tu unaweka kwa mfuko. Jioni naifunga kwa mguu ya Waziri, anaanza kusinzia. Jana nimejaribu hata kwa goti yangu."

"Nawe humuogopi?"

"Niogope nini na haiumi? Ukuje siku moja nikuwekee kwa mgongo."

"Astaghfirullah!" alisema Batulo, akamsukumia barafu kwa ncha za vidole.

Haukupita muda, akina mama wakaanza kuvuta watoto wao wakimwona Muoki. Yeye alidhani ni harufu ya dawa ya kuchua. Kisha Kyalo, mtunza ploti, akamfuata bandani akikuna kichwa.

"Mzee, niaje. Story yako imeenea mtaa mzima. Eti umeleta mrogi wa majuu. Landlord amesema farasi atoke kabla ya Idd."

Muoki alicheka. Alipoona Kyalo hacheki, akaketi juu ya ndoo. Mahali pengine pa kumweka Waziri hakuwa napo. Mtu pekee aliyewahi kumtaka alikuwa na mkokoteni wa kubeba mawe, na Waziri kwenye mkokoteni asingeiona Idd nyingine. Muoki aliogopa, na uoga wake ulimtia hasira, kwa kuwa maishani hakuwahi kumuumiza yule mnyama, na sasa alikuwa akilazimishwa kumpeleka kwenye mateso.

Alirudi dukani. Batulo akasema barafu imekwisha, na friza nyuma yake ikinguruma imejaa.

"Mama Qorane," Muoki alisema, na sauti yake ilikuwa mbaya, "mimi ukininyima sawa. Yeye amekukosea nini?"

Batulo alitazama pembeni. Wajukuu wake wote walikuwa wamempanda Waziri. "Nitakuja nijionee mwenyewe," alisema. "Baada ya magharibi."

Alikuja na majirani wawili, wote wakisoma dua kwa sauti ya chini. Walimkuta Muoki amekunja suruali, akimkanda farasi mgongo. Waziri alikuwa amelegeza mdomo wa chini, macho nusu yamefumba, na mguuni mwake kitambaa kikiwaka vitaa vyekundu vidogo vidogo.

"Mwanga yuko wapi?" aliuliza Batulo.

"Si hii?" Muoki akaonyesha mguu.

"Hii ni taa!"

"Na taa inatoa nini?"

Batulo aliinama akakitazama kitambaa. "Mwanga," alisema hatimaye.

Majirani walicheka mpaka mmoja akashika ukuta wa mabati, na Waziri akafungua jicho moja kuwatazama kwa dharau. Batulo hakucheka. Mwalimu wa Kiswahili wa mtaa mzima alikuwa amefeli neno la silabi mbili. Angeweza kwenda nyumbani akanyamaza, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini asubuhi alivaa buibui lake zuri, akaenda kwa Bwana Muriuki.

"Maneno yale yametoka kinywani mwangu, nami nimekuja kuyameza," alimwambia. "Lakini farasi yule akihama, mimi nahama na friza zangu zote."

Bwana Muriuki aliwaza habari ya duka tupu, akagundua kwamba mavi ya farasi hayanuki sana.

Siku ya Idd uvimbe wa mguu ulikuwa umepungua, ila daktari alikuwa bado hajaruhusu mtu kumpanda. Muoki alimfunga utepe hivyo hivyo, akijua hakuna atakayekuja kumwona farasi asiyepandwa. Alikosea. Batulo aliwaleta watoto wa mtaa mzima, kila mmoja na karoti, akawapanga foleni bandani na kumkemea kila aliyesema "mguu yake imepona".

Daktari Ndete alipita kuusalimu mguu. Akaukagua, akaridhika. "Unaendelea vizuri," alisema. "Nini kimesaidia zaidi, barafu au mwanga?"

Muoki alivuta pumzi, akayapanga maneno yake moja moja kama mtoto mbele ya darasa.

"Mwanga umesaidia, Daktari," alisema, kisha akamwelekezea Batulo kidole. "Lakini mwanga aliyemwokoa ni huyu."

Batulo alimchapa kwa ncha ya mtandio. "Angalau leo," alisema, "umesema sawasawa."