Vichwa vya Risasi Vilivyozama

Leo fundi cherehani wa Kariakoo alitia mafuta mashine yake, na harufu ile nyepesi ikanirudisha kwenye meza ya baba, nyumbani kwetu Ilala.

Baba alikuwa mwindaji mwenye kibali, na risasi za bunduki yake alizijaza baruti mwenyewe. Mimi nilipima urefu wa kila risasi kwa kipimo cha chuma kilichokuwa baridi vidoleni. Alinifundisha kwamba kichwa cha risasi kikizama mno ndani ya ganda, baruti hukosa nafasi, na bunduki inaweza kukupasukia usoni.

Ijumaa moja baba alipoenda kuswali, baba mdogo alikaa mezani akashindilia vichwa harakaharaka. Nikapima.

"Baba mdogo, hizi zimezama."

"Mtoto wa kike unajua nini kuhusu risasi? Kaoshe vyombo."

Baba aliporudi nilimwambia. Baba mdogo akacheka. "Kaka, na wewe unamsikiliza huyu?" Baba naye akatabasamu, akafunga sanduku.

Baba alirudi kutoka porini na jicho moja, lingine limefunikwa bandeji. Wageni walijaa sebuleni. Baba mdogo akanyoosha kidole kwangu. "Huyu ndiye aliyezichezea."

"Baba, si nilikuambia?"

"Nyamaza!" akasema baba.

Mama akanisukuma mbele. "Muombe baba yako radhi."

Nikapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, nikaomba radhi mbele ya watu wote, na baba mdogo akasema kwa sauti ya upole kwamba mtoto ni mtoto, nisamehewe.