Benchi la Khamisa

"Shangazi, kila mtu ana gemu kwenye simu siku hizi. Sasa hawa wote huja kwako kufanya nini?"

Nisreen alikuwa na miaka tisa alipouliza hivyo, amesimama katikati ya chumba cha gemu kule Riruta, akiwanyooshea kidole vijana kumi na kitu waliobanana mbele ya mashine moja. Khamisa hakugeuka. Alikuwa amelala chali sakafuni, kichwa na mabega vimezama ndani ya tumbo la mashine nyingine, nje ikionekana miguu yake tu na pindo la dira.

"Nipe ile koleo, mwanangu. Siyo hiyo. Ile ndogo."

Nisreen akampa. Mashine ikapona, vijana wakashangilia, chai ikanywewa, na swali likasahaulika. Likangoja miaka saba.

Watu wa Riruta humwita Khamisa Mama Gemu, na wengi hudhani alizaliwa na bisibisi mkononi. Hawajui kwamba alizaliwa Kibokoni, Mombasa, na kwamba alipoletwa Nairobi bi arusi hakuwa ameigusa mashine ya gemu hata kwa kidole. Mumewe, Mohdhar, ndiye aliyekuwa nazo. Alikuwa na chumba chini ya jengo moja katikati ya mji, nyuma ya Mtaa wa Biashara, mashine tisa zimesimama ukutani kama makabati ya nguo, kila moja na kioo chake, kirungu chake cha kuongozea na vifungo vyake vyekundu. Saa ya chakula cha mchana makarani walishuka ngazi wakilegeza tai, wakapigana ngumi za kwenye kioo, kisha wakapanda kurudi ofisini wakiwa wameloa jasho.

Siku moja ya Idi chumba kilifurika, na kirungu cha mashine inayopendwa kuliko zote kikakataa. Fundi aliyezoeleka alikuwa mtu wa kuja apendapo, na siku hiyo hakupenda. Khamisa alikuwa ameshuka na sinia ya biriani. Akaiweka chini, akachukua kisu cha kukatia limau, akakifungua kifuniko na kuchungulia.

"Kumbe ni waya tu!" akasema. "Huyu mtu anatutoza miaka yote hii kwa sababu ya waya?"

Tangu siku hiyo Mohdhar hakumwita tena fundi yule. Akiulizwa nani humtengenezea mashine, alijibu kwa maringo, "Mimi nina fundi wa ndani."

Mohdhar alikuwa na sheria moja. Aliyeshinda hubaki, aliyeshindwa huinuka kumpisha mwingine, lakini hainuki kabla hajampa mwenzake mkono. Hata karani mkubwa akipigwa na mtoto wa shule, mkono atautoa. Na kando ya sheria palikuwa na benchi. Mohdhar alilipata kutoka madrasa moja iliyokuwa imenunua viti vipya. La mbao ngumu, refu, limelainika kwa makalio ya vizazi vya wanafunzi. Lilitosha watu sita wenye adabu, au tisa wasio nayo.

Mohdhar alipofariki, mashemeji walikuja na ushauri. Mwanamke mjane, wakasema, ni vyema akae nyumbani.

"Nimekaa eda miezi minne na siku kumi," Khamisa aliwajibu. "Kukaa kwenyewe ndiko huko. Nimemaliza."

Haukupita muda, jengo lile likakatwakatwa kuwa vibanda vya viatu na vifuniko vya simu. Khamisa akazipakia mashine mbili zilizokuwa bado hai, televisheni tatu na benchi, akahamia Riruta, hatua chache kutoka Barabara ya Naivasha. Hapo ndipo Nisreen, binti wa kaka yake Abdulrauf, alipozoea kwenda kila likizo, na hapo ndipo alipouliza swali lake.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, Sadiq alifika. Sadiq ni mwana wa pekee wa Khamisa. Anafanya kazi za kompyuta kwenye ofisi moja ya Hurlingham, na anaishi na mkewe Sahar huko Muthangari. Alisimama mlangoni amekunja mikono, akahesabu vichwa.

"Mama, humu ndani mna watu kumi na mmoja."

"Alhamdulillahi."

"Wanaocheza ni wawili."

"Na hao tisa?"

"Hao tisa ndio nakuuliza mimi! Wamekaa tu kwenye benchi wanapiga kelele. Hawachezi, hawalipi. Mama, dunia imebadilika. Mtu akitaka kucheza na mwenzake siku hizi, mwenzake anaweza kuwa Japani."

Kwenye benchi, Kiilu, kijana mrefu wa bodaboda ambaye mdomo wake haujui likizo, akadakia, "Buda, mimi sina mtu Japani. Nina Thuo hapa, na hata yeye hanilipi deni la mandazi."

Watu wakacheka. Sadiq hakucheka. Alimvuta mamake nje, akasema alilokuja kulisema. "Nipe miezi mitatu nikitengeneze chumba nipendavyo. Ikikataa, Desemba mkataba wa pango ukiisha hatuufanyi upya. Unakuja kwetu Muthangari, unapumzika."

Neno hilo la kupumzika lilimkwama Khamisa kama mwiba wa samaki. Aliwahi kupumzika Muthangari wiki moja. Siku ya kwanza alitengeneza birika la umeme, siku ya tatu kengele ya mlango, na siku ya tano alikutwa ameifungua pasi ambayo haikuwa na ubaya wowote. Nyumba ilikuwa nzuri, ya ghorofa ya sita, yenye roshani inayotazama roshani ya watu wengine. Hakuna aliyepiga kelele. Alirudi Riruta akahisi masikio yake yamefunguka.

Hata hivyo alikubali. Sadiq ni mwanawe, amesoma, na usiku ule Khamisa alijiambia kwamba huenda mtoto ameona asichokiona yeye.

Basi Sadiq akatengeneza, na kusema kweli alitengeneza vizuri. Chumba kikagawanywa kwa mbao nyembamba, vikatokea vijumba sita, kila kimoja na kioo kipya, kiti cha kuegemea, intaneti na vile vidude vya kuziba masikio. Mashine mbili za Mohdhar zikasukumwa pembeni, zikafunikwa leso kama maiti. Benchi likakosa pa kukaa.

"Mpe mtu," Sadiq alisema.

Khamisa akampa Wanjugu, muuza chai wa jirani, mwenye kibanda cha mabati ukutani upande wa nje.

Wiki mbili za mwanzo vijumba vilijaa. Watu walikuja kuonja upya. Kisha mmoja akasema intaneti ya nyumbani kwake si mbaya, mwingine akasema hiki anaweza kukifanya akiwa kitandani, na viti vikaanza kubaki wazi. Wahenga walisema kimya kina mshindo, lakini kimya cha mle ndani hakikuwa na mshindo wowote. Khamisa alikaa kwenye meza yake akisikia feni.

Alasiri moja Kiilu alikuwa peke yake kwenye kijumba cha tatu. Ghafla akaruka juu, ngumi hewani, akavua vidude vya masikioni, akageuka kulia. Mbao. Akageuka kushoto. Mbao. Akashusha mkono polepole kama mtu aliyempungia mgeni asiyemjua.

"Umeshinda?" Khamisa alimwuliza.

"Nimeshinda, Mama Gemu."

"Umempiga nani?"

"Sijui. Msee fulani wa Brazili, ama ni Uturuki." Akachukua helmeti yake. "Wacha nikatafute abiria."

Hakurudi wiki hiyo, wala iliyofuata. Kufikia mwisho wa Novemba Khamisa angeweza kufagia chumba chote bila kumwomba mtu ainue miguu. Sadiq alikuja, akatazama, na hakumlaumu mtu. Hilo lilimuumiza mamake zaidi. Akaacha makatoni matupu ukutani. "Jumamosi nitaleta lori, Mama. Nisreen atakuja kukusaidia kufunga."

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, Khamisa alitoka kutafuta chai. Kwa miezi mitatu alikuwa ameletewa kikombe mezani; hakuwa amefika kibandani kwa Wanjugu hata mara moja. Alipopinda kona, alisimama.

Benchi lile pale. Na juu yake, wamebanana tisa wasio na adabu, wateja wake wote. Kiilu na Thuo walikuwa katikati, kila mmoja na simu yake, wakipigana wao kwa wao, na wengine saba wamewalalia mabegani wakikodolea macho vioo vidogo kama viganja.

"Mchape! Mchape huyo!"

"Kwani unacheza na miguu, Thuo?"

"Amelala! Amelala chini! Leteni blanketi!"

Thuo aliitupa simu mapajani kwa hasira, akataka kuinuka. Mmoja akamkamata shati. "We! Mkono kwanza. Toa mkono."

Thuo akatoa mkono.

Khamisa aliijua sheria ile. Vijana hawa hawakumjua Mohdhar. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa alipofariki. Kisha akasogea mpaka kwenye jiko.

"Wanjugu, nataka benchi langu."

"Benchi gani, Mama Sadiq?"

"Hilo."

"Aaai! Hiyo ulinipa, na mashahidi walikuwa. Kiilu, si ulikuwa hapa akinipa?"

"Mimi sikuwa," Kiilu alisema bila kuinua kichwa. "Nilikuwa Brazili."

Walicheka mpaka benchi likalia. Wanjugu hakucheka. Alishika kiuno. "Mama, nikuambie ukweli. Tangu hiyo benchi ikuje, nachemsha sufuria tatu kwa siku. Ukibeba hiyo kitu, umebeba hawa watu wote. Mimi nitabaki nikiuzia nani? Ukuta?"

Khamisa alimwelewa vizuri sana. Yeye mwenyewe alikuwa ameuzia ukuta miezi mitatu.

"Basi njoo nalo," akasema. "Weka jiko lako mlangoni pangu. Benchi litakuwa ndani, chai yako itaingia ndani. Hakuna aliyepoteza."

Wanjugu alifikiri huku akikoroga. "Na mvua ikinyesha?"

"Mvua ikinyesha wewe ndiwe utakayekuwa chini ya paa kwa mara ya kwanza."

"Kiilu," Wanjugu akasema, "shika huko mwisho tubebe."

Jioni hiyo Khamisa alifungua skurubu za mbao za Sadiq moja baada ya nyingine. Vijumba viwili vya mwisho alivibakisha, kwa sababu wapo watu wanaopenda kucheza na Uturuki, na si vibaya. Mbao zilizobaki, Thuo akazipigilia pamoja zikawa benchi la pili. Lilikuwa linayumba, lakini benchi ni benchi. Kisha Khamisa akazivua mashine leso zake.

Sadiq alipofika Jumamosi na lori, hakuweza kuingia. Jiko la Wanjugu lilikuwa mlangoni, na nyuma ya jiko watu, na nyuma ya watu kelele. Nisreen, aliyekuja kufunga makatoni, alikuwa ameyakunja makatoni yenyewe akayakalia.

"Mama! Hii ni nini? Dereva anangoja!"

"Acha angoje. Cheza na mimi moja, kisha tubebe."

"Mama, jamani."

"Unaogopa?"

"Uuuuui!" benchi zima lilijibu kwa niaba yake.

Ikabidi akae. Ilikuwa mashine ya babake, ya ngumi, ambayo aliwahi kuichezea akisimama juu ya kreti ya soda. Alikumbuka kirungu kilivyo kizito. Raundi ya kwanza alishinda, akatabasamu. Ya pili mamake alishinda. Ya tatu Khamisa alimbana kwenye kona ya ulingo na hakumtoa tena; vidole vya mwanamke wa miaka hamsini na minane, aliyeijua kila waya ndani ya lile sanduku, vilicheza vile vifungo kama mtu anayemenya mbaazi.

"Amelala!"

"Mwite mama yako! Aaa, kumbe ndiye anayekupiga!"

Kiilu alikuwa ameanguka sakafuni kwa kicheko. Nisreen alicheka hadi machozi. Sadiq alibaki amekitazama kioo, masikio yamemwiva, mabega yakianza kutikisika, na ikachukua muda watu kutambua kwamba naye anacheka. Akageuka. Kabla hajainuka, akanyoosha mkono. Mamake akaupokea, akaushika kidogo zaidi ya ilivyo desturi.

Sadiq akatoka nje. Walisikia lori likiwashwa, likiondoka. Aliporudi hakusema lolote kuhusu mkataba wala Muthangari. Aliuliza tu nani wa mwisho kwenye foleni, akaenda kukaa mwisho wa lile benchi linaloyumba.

Khamisa akamtazama Nisreen, ambaye bado alikuwa anajifuta macho.

"Uliwahi kuniuliza wewe, ukiwa mdogo hivi," akasema. "Hawa huja kufanya nini na simu wanazo."

"Na hukunijibu, Shangazi. Ulinituma koleo."

"Haya, nakujibu leo." Akamnyooshea Sadiq kidevu. "Ukipigwa kwenye simu uko peke yako, mwanangu, nani atakucheka?"