Mluzi Chini ya Kabureta

Kila jioni harufu ya petroli iliingia nyumbani kwetu pamoja na baba na kukataa kutoka. Ilikaa kwenye shati lake lililotundikwa nyuma ya mlango, ikakaa kwenye taulo, na asubuhi nilipoinua kikombe cha chai niliinusa hata humo. Tuliishi Kondele, Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na baba alikuwa fundi wa injini. Gereji yake ilikuwa mabati machache juu ya nguzo za mbao, na chini ardhi iliyokuwa nyeusi kwa oili ya miaka mingi. Hata hivyo jina lake lilifika mpaka Ahero. Mafundi wenzake walikuwa wakifungua injini na kuifunga, halafu wanamletea yeye aimalizie, kwa sababu walisema ana masikio. Aliinama juu ya kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa, akiwa na bisibisi ndogo, akazungusha skrubu kidogo, akatulia, akairudisha nyuma kidogo, na injini iliyokuwa ikitetemeka kama mtu mwenye malaria ikatulia mbele ya macho yetu. Hakuwa na kipimo chochote. Alikuwa anasikiliza tu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na katika likizo ile ya Aprili, mvua zikiwa zimeanza, nilimwogopa baba kuliko kitu kingine chochote. Hakuwa ametupiga. Alikuwa amenyamaza. Mama akimwita kutoka jikoni, haitikii. Mimi nikimsalimu kwa nyuma, anaendelea na shughuli zake kana kwamba aliyesalimu ni upepo. Redio aliifungulia kwa sauti kubwa hata majirani wakalalamika, na akiombwa apunguze alitukodolea macho bila kusema neno. Niliamini kuna kosa nililofanya ambalo yeye analijua na mimi silijui. Usiku nililala nikihesabu makosa yangu, na mchana nilijitahidi kutembea mahali ambapo hatanitazama.

Kisha siku moja tulikuwa tukivuka barabara pamoja, amenishika mkono, na nyuma yetu ikaja boda boda, baiskeli iliyopakia mtu na mkungu wa ndizi. Mwendeshaji alipiga kengele, akapiga tena, akaipiga bila kuachia. Mimi nilivuta mkono wa baba. Yeye alikuwa anatembea taratibu katikati ya njia, akitazama mbele. Baiskeli ikampita ikimkwaruza kiwiko, ndizi zikaanguka, na yule kijana akapaza sauti, “Mzee, huna masikio?” Watu wakacheka. Baba aligeuka upande usio sahihi, akitafuta sauti ilikotoka, na nikauona uso wake. Haukuwa uso wa mtu mwenye hasira. Alikuwa ameogopa. Nikaelewa palepale, na woga wangu haukuisha; ulibadilika tu ukawa mzito zaidi. Baba yangu hasikii, nikajiambia, na mkate wetu unatoka masikioni mwake.

Jumatatu iliyofuata lililetwa lori la Mama Njeri. Mama huyu alikuwa mfanyabiashara aliyehamia Kisumu kutoka Nyeri, mwanamke mrefu wa maneno machache, na lori lake kuukuu la petroli lilibeba mchele kutoka Ahero, pamoja na akina mama wachuuzi waliokaa juu ya magunia. Dereva wake, Omolo, alieleza ugonjwa wa lori: likiwa mwendo wa kasi linavumilia, lakini ukipunguza tu, injini inapanda na kushuka, inakohoa, inazimika. Baba alisafisha plagi, akapima nafasi ya pointi za cheche kwa kipande cha pakiti ya sigara kama kawaida yake, akafungua kabureta na kupuliza jeti zake, vile vitundu vya kupitishia petroli, kimoja kimoja. Injini ilipowashwa tena, mimi nilikuwa kwenye kiti cha dereva, nimesimama kwa sababu mguu haukufika nikikaa, nikikanyaga mafuta kwa kufuata kidole chake. Hapo ndipo niliposikia mluzi. Ulikuwa mwembamba, wa juu, kama wa mtu anayevuta hewa kati ya meno, na ulitoka chini ya kabureta. Nilimtazama baba. Aliendelea kuzungusha skrubu, akaongeza petroli, akasikiliza, akatikisa kichwa. Nilingoja ausikie. Kila alipoinamisha kichwa karibu nilisema moyoni, sasa, sasa hivi. Akafunga boneti na kumwambia Omolo, “Iko sawa.”

Sikusema. Omolo alikuwepo, na fundi wa magurudumu wa jirani alikuwepo, na mtoto wa kike hamwambii baba yake mbele ya watu kwamba kuna sauti imempita. Zaidi ya hilo, niliona nikishalitamka litakuwa kweli.

Jumatano maji yalifunika barabara kule uwanda wa Kano. Omolo alifika kwenye maji, akapunguza mwendo, na injini ikazimika katikati. Alhamisi lori liliburutwa kwa trekta hadi gerejini, likiwa na tope mpaka kwenye milango, na Omolo akasimulia huku akikamua shati lake. Akina mama saba walikuwa juu ya magunia, mmoja na mtoto mchanga mgongoni. Maji yalipanda mpaka kwenye sakafu ya lori, mkondo ukaanza kulisukuma kuelekea ukingoni, na walikaa hivyo tangu saa nane mpaka trekta ya watu wa mashamba ya mpunga ilipowafikia. “Fundi, yule mtoto alilia mpaka sauti ikakauka,” Omolo alisema. Baba alikuwa akitazama midomo yake. Mimi nilikwenda kujificha nyuma ya gereji.

Baba na Omolo walikausha kila kitu, wakabadilisha oili, na Ijumaa asubuhi Mama Njeri mwenyewe akaja kusimama pale na mwavuli wake. Injini ikawaka. Mluzi ulikuwepo, mkali kuliko mwanzo. Baba aliondoa kisafisha hewa, akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Kisha akainua kidole: ongeza. Nilikanyaga. Akakiinua tena kwa haraka, nami nikakanyaga kwa nguvu. Injini ikakohoa kupitia kabureta, na ulimi wa moto ukaruka juu, wa buluu kisha wa manjano, moja kwa moja usoni pake. Nilipiga ukelele. Omolo alinyakua gunia bichi akalitupa juu ya injini, akazima swichi kwa kunipitishia mkono kifuani. Baba alikuwa amekaa chini kwenye tope. Nyusi zake hazikuwepo, na mkono wa kulia ulikuwa umebabuka. Nilijua ni mguu wangu uliofanya vile.

“Fundi,” Mama Njeri alisema polepole alipoona yuko mzima, “nenda hospitali kwanza. Hili lori nitalipeleka kwingine.”

“Nipe mpaka jioni,” baba akasema.

Walipoondoka nilimsogelea. “Baba, kuna mluzi.” Hakugeuka, alikuwa anajifunga mkono kwa kitambaa. Ikanibidi nizunguke nisimame mbele yake, karibu kiasi cha kuhisi harufu ya nywele zilizoungua, na nirudie kwa sauti kubwa kitu ambacho sikutaka hata kukinong'ona. “Baba, kuna mluzi chini ya kabureta. Wa hewa. Tangu Jumatatu.”

“Tangu Jumatatu?”

“Ndiyo.”

“Umemwambia nani?”

“Hakuna mtu.”

Nilikaza mwili wangu nikingoja kofi. Aliketi juu ya gurudumu kuukuu. “Nyathina,” akasema kwa Kijaluo, mwanangu, neno ambalo hakuwa ameniita tangu nianze shule. “Njoo unionyeshe ulipo.”

Sikuwa nimefikiria hilo. Ilibidi injini iwashwe tena, ilibidi kichwa kiinamishwe pale moto ulipotokea, na safari hii kilikuwa kichwa changu. Baba alinifunga khanga ya mama iliyoloweshwa kichwani, akanipa kipande cha mpira wa maji niweke ncha moja sikioni, akaenda mwenyewe kwenye pedali. Injini ilipowaka nilijikojolea kidogo, na sijawahi kumwambia mtu mpaka leo. Nilipitisha ncha ya mpira kando ya kabureta, mbele, kushoto, nyuma, na upande wa nyuma mluzi ukaingia sikioni kama sindano. Nikainua mkono. Baba alikuja na maji ya sabuni kwenye kopo, akayamimina nilipoelekeza. Mluzi ukakatika. Palepale injini ikatulia, kwa pumzi chache, mpaka maji yakavutwa ndani na mluzi ukaanza tena.

Gesketi, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya kabureta na injini, ilikuwa imepasuka ufa mwembamba kama unywele. Alikata nyingine kwa karatasi nene, akiigonga kingo kwa nyundo ndogo. Kisha tukairekebisha petroli, yeye akizungusha skrubu na mimi nikimwonyesha kwa kiganja: zaidi, rudi, hapo.

Mama Njeri alirudi na Omolo, wakaisikiliza injini. “Ilikuwa nini?” Mama Njeri akauliza. Nilimwomba Mungu baba adanganye.

“Ilikuwa inavuta hewa,” baba akasema. “Mimi sikusikia. Masikio yangu yamekwisha. Aliyesikia ni huyu.”

Omolo alitazama chini. Mama Njeri alinitazama mimi, akamtazama baba, akasema, “Basi twende mpaka Ahero. Nyote wawili mtapanda.” Tulipanda. Kwenye maji Omolo akapunguza mwendo, nami nikashika nguo ya baba kwa mikono miwili, na injini ikatuvusha.

Habari zilienea, na wateja wengi wa kabureta wakaondoka. Baba aligeukia springi na breki, kazi za macho na nguvu, akatulea kwa hizo mpaka nikamaliza shule. Nyusi ziliota tena. Nyumbani tulijifunza kusimama mbele yake tunapozungumza, na ule ukimya ulioniogopesha ukaisha kwa kitu rahisi namna hiyo.

Sasa naishi Milimani na ninaendesha gari lisilo na kabureta. Likisumbua, fundi kijana huchomeka kijimashine chini ya usukani, na kosa linajiandika kwenye kioo chake mbele ya kila mtu. Halimwaibishi yeyote, wala halihitaji mtu wa kulitamka. Ni bora hivyo. Nikiwakumbuka wale akina mama saba na yule mtoto mchanga, siwezi kusema vingine. Lakini binti yangu, ambaye ana umri niliokuwa nao, hunisahihisha mbele ya wageni bila kupepesa jicho, kisha anaendelea kula. Mara ya kwanza nilitaka kumkaripia. Nikamtazama, nikaona haniogopi hata chembe, nikamwambia arudie, nisikie vizuri.