Picha za Asenath Zilipopauka

Asenath wa mtaa wa Mbotela hakuwa mjinga, na nitagombana na yeyote asemaye hivyo. Mwaka 1998, baada ya kufiwa na mumewe, aliweka kompyuta sebuleni, akaifunika kitambaa cha kufuma, akaanza kukodisha michezo. Jumapili baada ya kanisa nyumba ilijaa pomoni. Wote walitaka ule mchezo wa mpira, na sheria ilikuwa moja: ukifungwa, mpishe mwenzako. Mchezo huo ndio uliomwekea sufuria mekoni.

Kisha akaja Laban, mdogo wa marehemu, fundi wa kompyuta.

"Shemeji, hizi sidii zitakwaruzika. Wacha niziweke zote ndani ya hadidiski ya mashine. Hata picha itakuwa safi kushinda hii."

Aliimaliza kazi mchana mmoja, akala ugali na mrenda, akaondoka na sidii zote ati akazihifadhi. Asenath hakuuliza. Kwao, kumdai shemeji kitu alichojitolea kukutunzia ni kumtukana yeye na marehemu pamoja.

Mchezo ulifunguka upesi, kweli. Lakini uwanja ukawa rangi moja kama kapeti, na wachezaji hawakuwa na macho.

"Mama, hii game imeharibika," alisema Ruqiya, jirani aliyecheza kila wiki. "Huyo shemeji yako amekuchezea."

Asenath alimfukuza. Ruqiya, aliyempikia wageni wiki nzima ya matanga! Bado inanichoma. Wengine waliacha kuja bila kufukuzwa.

Mwishowe akamwita Hared, fundi mwingine. Huyo aliipekua mashine, akatikisa kichwa.

"Kuweka game kwa hadidiski hakubadilishi picha, mama. Inafunguka haraka tu. Hapa mtu amefuta mafaili ya picha makusudi. Na nafasi ndani ya hadidiski bado iko nyingi, hakukuwa na haja ya kufuta."

Asenath alijifunga leso, akaenda kwa Laban, safu ya tatu ya nyumba. Alikuta mlango wazi na mabenchi yamejaa. Watu wake wote wa Jumapili walikuwa wameketi humo, wakingoja zamu, na sidii za Asenath zimepangwa juu ya kompyuta ya Laban. Hakuna aliyeinua kichwa.

Laban alisimama, akampangusia kiti.

"Karibu, shemeji. Unacheza ama unaangalia tu?"

Asenath akasema anaangalia tu.