Waya Niliousuka Siku ya Posa ya Adventina

Aibu hii ni yangu na sijawahi kumsingizia mtu, ila nataka muisikie kwangu mwenyewe, kwa sababu shemeji yangu Deo, ndugu wa mume wangu, akiisimulia hapa Kanoni huongeza kwamba nyumba iliungua, na nyumba haikuungua.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa na redio kaseti yenye spika mbili kubwa, nimeinunua kwa pesa ya kahawa yangu (si ya mume wangu, yangu), na mdogo wangu Adventina alikuwa anaposwa na watu wa Nkwenda, nami nikaahidi kuwapokea wageni kwa kaseti ya kwaya yetu. Wiki moja kabla nilikwenda Murongo, na muuza redio mmoja pale akaniambia, "Mama, redio inakunywa umeme kama ng'ombe anavyokunywa maji. Ukiipa kijito chembamba itakonda. Ipe waya mnene usikie besi."

Maneno yakaniingia. Nikachukua vipande vya nyaya vilivyobaki kanisani walipofunga taa, nikavisuka pamoja, nikakata ule waya mwembamba wa redio nikaunga wangu, na kwa kuwa tepu ya umeme sikuwa nayo, maungio nikayafunga kwa plasta ya kidonda. Jenereta tuliliazima kwa jirani, tukaliweka nje. Asubuhi ya posa, nyumbani kwa baba, nikawasha, na jamani, besi ilitikisa vikombe kabatini. Deo akasema, "Waya si kazi ya mwanamke." Nikaongeza sauti.

Ila waya mnene haulali chini. Ulikuwa mgumu, ukajikunja na kuinuka mlangoni kama upinde, nikaukanyaga ukalala, nikageuka ukainuka tena, mwisho nikajiambia wageni nao wana macho.

Wageni wakaja mchana. Mshenga wao, mzee mrefu mwenye kanzu, alitangulia na kibuyu cha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, akaingia sebuleni akitabasamu ili amkabidhi baba, na mguu ukanasa kwenye upinde wangu. Akaanguka kwa magoti, rubisi yote ikammwagikia baba kwenye kanzu yake, mapajani (baba, mzee wa kanisa, na mchungaji amekaa kiti cha pembeni yake), waya ukavutika, plasta ikaachia, nyaya zikagusana, ikapiga shoti kwa kishindo na moshi, jenereta likakohoa likazima, na kwaya ikakatika katikati ya haleluya.

Shangazi mmoja wa upande wao akasema taratibu, "Hii si dalili njema. Turudi." Wawili wakageuka kuondoka. Kutoka chumba cha ndani nikamsikia Adventina akilia. Deo akaninong'oneza, "Sema ni jenereta."

Sikusema ni jenereta. Nilipiga goti mbele ya mshenga, yeye mwenyewe bado yuko chini, nikamwambia, "Shikamoo baba. Waya ni wangu, nimeuunga mimi, na umepita mlangoni kwa uzembe wangu. Dalili hakuna hapa, kuna mimi tu. Mdogo wangu hana kosa."

Akaushika ule waya akaugeuzageuza. "Marahaba. Umeusuka kwa nini?"

"Ili sauti iwe nzito, baba."

"Ikawa?"

"Mliisikia mkiwa wapi?"

Akawaza. "Tangu kule barabarani," akasema. Kisha akamgeukia yule shangazi. "Ingia ukae. Goti langu limeshachubuka, sirudi Nkwenda bila jibu." Na kwangu akasema, "Tengeneza, tumalizie ule wimbo."

Nikatengeneza mbele ya watu wote, baba akinuka pombe na kunitazama bila kupepesa, mchungaji akikagua dari. Jenereta likawaka, kwaya ikarudi, posa ikapokelewa. Baba hakunisemesha mpaka Jumapili, na alipofungua kinywa aliniuliza kama nimefua ile kanzu yake.

Siku ya harusi walinipa kazi ya kupanga viti, na redio akapewa Deo. Nilipanga viti. Lakini nimekula kiapo, na ninakishika: sitapitisha waya mlangoni tena, wala sitafunga umeme kwa plasta ya kidonda. Ni hayo mawili tu. Kuacha kusuka nyaya sijaapa, na anayetaka niape atangoja sana.